Mto Karanga: maji yetu yanatoka kwenye barafu ya Kibo au wapi?

NyanyaZaKibosho

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo zenu. Naomba kuuliza, wanaoujua mlima wanijibu bila matusi.

Mimi nipo Kibosho upande wa mto Karanga, nalima nyanya na mboga za majani huku chini chini, maji nayapata kwenye mfongo, mfereji wetu wa asili unaotoka mtoni, zamu yangu ikifika nafungulia, ikiisha namwachia jirani. Sasa mdogo wangu mwaka huu kaanza kupanda mlimani kama mgumu, yaani mbeba mizigo ya watalii, karudi juzi ananiambia kaka huo mto wako unaoringa nao huku, kule juu ni kajito tu, unaruka mara moja umevuka, na asubuhi maji ya pembeni yameganda. Nikamwambia utakuwa mto mwingine huo, akasema hapana, kambi inaitwa Karanga na mto unaitwa Karanga, na ukisimama pale mtoni ukiinua macho unaiona barafu ya kilele cha Kibo hii hapa.

Ndo likanijia swali. Kama mto unaanzia pale chini ya barafu, na redioni kila siku tunaambiwa barafu ya Kilimanjaro inaisha, ina maana siku barafu ikiisha na sisi huku ndo basi? Maana hata sasa hivi Januari na Februari mto unakonda mpaka watu mfongoni wanakaribia kushikana mashati, mwezi wa 9 nao ni hivyo hivyo. Nataka kujua mapema kama niendelee na nyanya au nitafute kitu kingine, sio nakopa hela ya mbegu na dawa halafu mto unanikimbia katikati.

Na je ni kweli ni mto uleule?

ChugaMwenyewe

Barafu ikiisha na mto umeisha, hilo hata halihitaji msomi. Hamia mjini uuze nyanya za wenzio 😂

MgumuWaMachame

Mkuu mdogo wako hajakudanganya, ni uleule. Achana na huyo wa Chuga (Arusha), hajawahi kufika hata getini.

Ngoja nikupe picha. Ukitoka kambi ya Barranco asubuhi unaparamia ule ukuta, mikono na miguu inafanya kazi na mzigo uko kichwani, ukifika juu unadhani shughuli imeisha kumbe bado kuna vibonde vya kushuka na kupanda, sasa la mwisho ndo bonde lenyewe la Karanga. Linashuka ghafla, njia vumbi na changarawe, ukikosea kuweka mguu unateleza na mzigo wa mgeni mpaka chini. Huko chini ndo kuna hako kajito, kanapita katikati ya mawe meusi. Pembeni kuna yale masenesio marefu yenye majani yamejikusanya kileleni, kuna lobelia, na kuna vindege chozi vya kijani vinavyong'aa, unavikuta vimeng'ang'ania ua la lobelia vinafyonza na baridi yote ile wala havikujali, unaweza kupita karibu kabisa. Halafu sasa unapanda ukuta wa ng'ambo ndo unaikuta kambi, kama mita 4,000 juu ya bahari. Yaani kambi iko juu maji yako chini, kila dumu linalotumika pale kuna mtu kashuka nalo tupu kapanda nalo limejaa.

Na hako kajito usikadharau kabisa. Kwa sisi wa njia za Machame, Lemosho na Umbwe pale ndo maji ya mwisho. Ukishapita Karanga unaenda kambi ya Barafu, mita 4,600 na ushee, na kule hakuna chemchemi hakuna kijito hakuna chochote, ni mawe na upepo na kunguru wale wenye shingo nyeupe wanaosubiri ugeuze mgongo waibe mkate. Kwa hiyo maji ya kupikia, ya chai, ya supu, ya kujaza chupa za wageni usiku wa kwenda kileleni, yote yanabebwa kutoka Karanga. Piga hesabu mwenyewe, lita 20 ni kilo 20, na kilo 20 ndo kikomo cha mzigo kinachopimwa kwenye mizani getini, kwa hiyo dumu moja ni mtu mzima mmoja, hawezi kubeba kitu kingine cha kampuni. Ndo maana wageni wakiuliza kwani wageni wawili watatu mna wagumu wote hawa wa nini, huwa nawaambia subirini tufike Karanga mtaelewa.

Na pale ndo unaijua kampuni ya maana na kampuni ya ubabaishaji. Kuna moja nilifanya nayo kazi zamani sitaitaja, walipunguza watu ili wabane hela, tulifika Barafu mpishi anapima maji kwa kikombe, sisi tunapewa chai robo na ugali mgumu wa maji kidogo, huku mgeni mmoja anaosha uso na mikono mpaka kwenye viwiko. Sikurudi kwao.

Sasa kwenye swali lako. Asubuhi kale kajito kanakuwa kembamba sana kwa sababu usiku juu kumeganda, mchana jua likishapiga kanaongezeka. Hiyo inakuonyesha humo ndani kuna maji ya barafu au theluji, sikatai. Lakini kwa macho yangu mimi ambaye si msomi, yale maji hayawezi kuwa ndo haya yanayopita chini ya daraja la barabara ya Arusha. Ni kidogo mno! Ukitaka kujua maji yanatoka wapi subiri siku ya kushuka kwa njia ya Mweka, ukishaingia msituni ndo unaanza kusikia maji kila upande, njia yenyewe inakuwa tope, buti linakwama. Juu kule ni kukavu jamani, watu wanafikiri kwa sababu kuna barafu basi kuna maji, hapana, ni jangwa la baridi.

BintiMsitu

Kaka hapo juu umesema vizuri kuliko walimu wangu. Mimi nilisomea misitu, naomba niongezee namba kwenye hayo uliyoyaona kwa macho.

Mawingu yanayoleta mvua upande wetu wa kusini yanapanda na kugonga mlima, na yanamwaga zaidi kwenye msitu, sio kileleni. Moshi mjini kwa mwaka mnapata milimita 900 hivi, hazifiki elfu. Ukipanda mpaka kwenye mita 2,200, yaani ndani ya msitu juu ya Kibosho na Mweka, inafika karibu milimita 3,000. Ukiendelea kupanda inapungua tena, na ukifika kileleni Kibo haifiki hata 200. Kwa hiyo pale kambini Karanga mdogo wako alikuwa amesimama juu ya mawingu yanayotengeneza mto wako, ndo maana kajito ni kadogo. Mto wenyewe unazaliwa chini yake, vijito vinaingia kimoja kimoja humo msituni, na maji mengine yanazama kwenye ardhi ya volkano halafu yanatokea huku chini kama chemchemi. Hata maji ya bomba ya Moshi mjini sehemu kubwa ni ya chemchemi na visima, si ya kuchota mtoni.

Barafu sasa. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na ukubwa wa kama kilomita za mraba 12. Ilipopimwa mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya 2. Yaani zaidi ya asilimia 80 imeshaondoka, na wengi humu hatukuwepo ilipokuwa inaondoka. Kama mto Karanga ungekuwa unaishi kwa barafu, babu yako ndiye angekuwa wa mwisho kumwagilia. Na kitu kingine, ile barafu ya juu kabisa, hewa ya kule ni kavu na jua ni kali, sehemu kubwa haiyeyuki ikawa maji ya kutiririka, inapotea moja kwa moja hewani kama mvuke, kwa hiyo hata inavyoisha si kwamba tunainywa.

Kwa hiyo jibu langu, barafu ikiisha kale kajito ka juu kataumia, na wapandaji wataumia, maana pale Karanga patabaki pa kutegemea mvua tu. Mto wa Kibosho hautakauka kwa sababu hiyo. Ila kuna kitu kingine kinachoweza kuukausha na watu hawakiongelei, nacho ni moto.

Juu ya msitu mkubwa, pale ambapo miti inaanza kuwa mifupi, kuna miti inaitwa mierika, imejaa zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi. Ukipita kwenye ukungu hata kama mvua hainyeshi unalowa, matone yanakudondokea kutoka kwenye matawi. Ile si mvua, ni ukungu umenaswa na miti, na yale matone yote yanaingia ardhini. Moto ukipita mierika ikaungua, ukungu unapita zake hakuna wa kuukamata, kunabaki vichaka vifupi na majani. Miaka na miaka ya moto imeushusha mpaka wa juu wa msitu. Kuna mtafiti Mjerumani anaitwa Andreas Hemp, kaufanyia kazi mlima huu kwa muda mrefu sana, mwaka 2005 aliandika kwamba kwa upande wa maji hasara ya moto msituni inaizidi kwa mbali hasara ya barafu kuyeyuka. Lakini barafu ndo inapigwa picha, mierika iliyoungua nani aipige.

NyanyaZaKibosho

Dada asante sana, nimesoma mara mbili. Kwa hiyo ule moto wa juzi juzi nao umetuathiri? Maana tuliuona usiku kutoka huku nyumbani mstari mwekundu mlimani.

MgumuWaMachame

Unaongelea wa Oktoba 2022 bila shaka, ule ulianzia karibu na kambi ya Karanga hapohapo. Ulianza jioni, upepo ukausukuma, watu kwa mamia wakapandishwa kwenda kuuzima, na kule hakuna gari la zimamoto, ni matawi, majembe na mapanga, unachimba mkanda ili usivuke. Na miaka miwili kabla, Oktoba 2020, ule mkubwa wa upande wa Marangu ulianzia Whona, TANAPA walisema ulitokana na watu wanaohudumia wageni kupasha chakula. Mwezi wa 10 kule kunakuwa kumekauka kabisa, kile kichaka kina mafuta ndani yake, kikishika unakisikia kinavyolia. Kuni mlimani ni marufuku siku nyingi, tunapikia gesi, lakini kuna mtu anavuta sigara anatupa, na wengine wanatoka kutafuta asali wanafukiza nyuki.

BintiMsitu

Kwa moto mmoja huwezi kuona tofauti mtoni kesho yake, msitu mkubwa wa chini bado upo na ndo unaoshika maji mengi. Tatizo ni moto kurudi palepale kabla mierika haijakua. Ule ni mti wa polepole sana, baridi ya kule hairuhusu haraka.

Meku_Uru

Nimekaa kimya nawasoma. Mimi ni mzee, nipo Uru ng'ambo ya Karanga, ninyi wa Kibosho mko upande ule sisi huu, tumegawana mto huo tangu enzi za wamangi, machifu wetu.

Huyo binti kasema kweli kuhusu mvua na msitu lakini mwanangu uliyeuliza, hujaambiwa bado kwa nini mto unakonda HUKU CHINI. Mto haukondi juu tu. Hebu panda siku moja mwezi wa 9 mpaka pale msitu unapoishia, utaukuta mto una maji ya kutosha tu yanapiga kelele. Halafu shuka nao taratibu uhesabu mabanio, pale maji yanapozuiwa mtoni yaingie mfongoni. Banio la kwanza linachukua, la pili linachukua, kuna mabomba, kuna watu wana pampu za petroli wanavuta usiku, ukifika kwako kwenye nyanya unakuta mto umeshagawanywa wote halafu unaangalia juu unailaumu barafu.

Zamani mfongo ulikuwa na wenyewe. Ukoo uliouchimba ndo wenye mfongo, wengine wanaomba na wanapewa zamu, na kuna mtu mmoja anayesimamia, akisema kesho ni kazi ya banio mnakwenda wote na majembe, mnapanga mawe, mnaziba kwa migomba na udongo, mnasafisha mfereji wote unaopita pembeni mwa korongo mpaka vihambani, mashamba ya nyumbani. Asiyekuja anatozwa, na faini ni mbege, inanywewa siku hiyohiyo na yeye akiwepo anaangalia. Leo msimamizi anaitisha watu mia wanakuja wazee sita, vijana wanasema wako bize na bodaboda, lakini maji yakipungua hao ndo wa kwanza kwenda kufungua banio usiku na tochi. Mfongo wa udongo usiposafishwa unavuja njiani, nusu ya maji yanaishia kwenye magugu hayafiki kwa mtu.

Na pia tulikuwa tunamwagilia migomba, kahawa na ulezi, sio nyanya. Sikulaumu mwanangu, kahawa haina bei, kijana lazima ale. Lakini nyanya inataka maji wakati ule ule mto hauna.

NyanyaZaKibosho

Shikamoo mzee. Hapo kwenye pampu za usiku umenigusa, wapo kwetu wanajulikana kabisa na hakuna anayewasema.

Meku_Uru

Marahaba. Kuwasema peke yako usijaribu, utaharibu ujirani. Nendeni kwenye jumuiya ya watumia maji, bodi ya maji ya bonde la Pangani ofisi zao ziko Moshi hapohapo. Kuchukua maji ya mto kwa pampu kunataka kibali, na mfongo nao unapaswa kuwa na kibali chake. Waulizeni kibali cha mfongo wenu kinasema lita ngapi. Wengi hawajui hata kama kipo.

MpareHalisi

Wachaga mnanichekesha, mna mlima mzima unawamwagia maji mnagombana. Kwetu Same huku mvua ya kubahatisha babu zetu walichimba ndiva, bwawa dogo la udongo, maji ya usiku wakati watu wamelala yanaingia humo badala ya kupotea, asubuhi mnafungua mnagawana, yanakuwa na nguvu ya kufika mpaka shamba la mwisho. Mfongo wako unatiririka usiku unakwenda wapi? Kama unarudi mtoni au unamwagika kwa jirani aliyelala basi jibu lako lipo hapo, usihangaike na Kibo.

Meku_Uru

Huku nako zilikuwepo za namna hiyo, Mpare usijifanye. Nyingi zimefukiwa, watu wamejenga juu yake.

MpareHalisi

Haya mzee wangu, zifukueni basi 😂😂

MamaWaNgombe

Mimi ya kwangu ni ndogo. Hapo mnaposifia msitu mkumbuke na sisi tunaokaa mpakani. Ile Nusu Maili iliwekwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na miti ya kujengea bila kuingia msitu mkubwa, mkanda wa nusu maili kweli kando ya vijiji. Mwaka 2005 hifadhi ya taifa ikapanuliwa ikachukua msitu wote pamoja na hapo. Sasa kuni nitanunua gesi, sawa, lakini ng'ombe wangu wawili wa ndani wanakula nini? Majani ya migomba peke yake hawatoi maziwa. Ukimwambia mtu alinde msitu kwa ajili ya mto na huku unamwambia asiguse hata jani lililoanguka, atalinda kwa mdomo tu. Ndo hivyo, sitaki kuingia ndani zaidi maana huwa naishia kugombana.

BintiMsitu

Mama hilo nalo ni la kweli kabisa na halijaisha. Ila niseme kitu kimoja, kabla ya 2005 magogo yalikuwa yanatoka mle msituni usiku na mchana, miti mikubwa ya mikulo ilikatwa sana, na ile ndo ilikuwa inashika maji. Tangu sheria ikaze ukataji umepungua, hilo nadhani hata wewe umeliona kwa macho. Majani ya ng'ombe ni hoja tofauti na gogo, tusiyachanganye.

MamaWaNgombe

Nimeona, sikatai. Nimesema majani tu mimi.

Hale_Kwetu

Tuliopo huku mwisho wa mto tunaomba mtuachie kidogo jamani 🙏 Huo Karanga wenu na wenzake wanaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, likitoka hapo ndo mto Pangani wenyewe, unazungusha mitambo ya umeme hapa Hale na pale maporomoko ya Pangani halafu unaingia baharini. Kwa hiyo mkipigana na pampu zenu huko kuna mvuvi wa Nyumba ya Mungu naye anaangalia maji yanarudi nyuma kwenye tope.

ChugaMwenyewe

Nimefuatilia uzi wote, nafuta kauli yangu ya kuhama mjini. Ila nyanya zako ukivuna nitafute niko soko la Kilombero hapa, siku hizi Januari bei inakuwa nzuri sana kwa sababu wengi hawana maji.

NyanyaZaKibosho

Hahaa ndo shida yenyewe hiyo, wakati bei ni nzuri ndo mto hauna kitu.

Nimeelewa hivi, kwa hiyo barafu niiache. Nina kieneo pembeni nyuma ya nyumba kinaweza kubeba kabwawa, nitaongea na jirani tuchangie karatasi la chini lisivuje, tuwe tunajaza usiku kwenye zamu zetu. Na mipira ya matone nimeona inauzwa, kuna mwenye uzoefu nayo? Hapa kwetu maji ya mfongo yana udongo mwingi hasa mvua zikianza, naogopa itaziba.

BintiMsitu

Itaziba ndio ukiunganisha moja kwa moja. Bwawa likae kwanza udongo utuame, uchote maji ya juu sio ya chini, halafu uweke chujio kabla ya mipira na uwe unalifungua kulisafisha. Na funika matuta kwa majani makavu ya migomba, unayo bure, jua la Januari halitakunywea nusu ya maji. Kingine usilime ukingoni kabisa mwa mto, sheria ya mazingira inataka mita 60 kutoka kwenye kingo. Najua vihamba vyetu vilivyo vidogo mita 60 ni shamba lote la mtu, lakini angalau pale kwenye ukingo acha miti na matete, ukingo ukimomonyoka na banio lenu litaondoka nao.

NyanyaZaKibosho

Mita 60 hapa kwetu ni mpaka kwa jirani wa tatu 😅 lakini nimekuelewa, ukingoni nina matete tayari sitayagusa.

Mgumu swali la mwisho, mdogo wangu kasema alikunywa yale maji ya juu hivihivi kwa mkono, ni salama? Mama anataka kumpeleka hospitali kabla hata hajaumwa.

MgumuWaMachame

Mwambie aache hiyo tabia. Maji yanaonekana masafi na ni ya baridi mpaka meno yanauma, lakini pale juu kuna kambi ya watu kibao kila siku, kuna vyoo, na kuna waliochoka kutafuta choo wanamaliza nyuma ya jiwe. Mvua ikinyesha vyote vinashuka bondeni. Sisi tunachota upande wa juu wa njia, tunachemsha, wageni wengine wanaweka na vidonge vyao. Na pale maji yanachemka haraka kwa kudanganya, kwa urefu ule yanaanza kutokota kwenye nyuzi 87 hivi, sio 100, kwa hiyo yakianza kuruka usiyatoe hapohapo, yaache dakika kadhaa yaendelee. Kama alikunywa na mpaka leo tumbo liko sawa basi kapona, mama asihangaike, ila akianza kuharisha aende.

NyanyaZaKibosho

Sawa kaka. Na mimi nimepata hamu ya kukaona hako kajito, kuna namna ya kufika Karanga bila kwenda mpaka kileleni? Sina kifua cha kileleni mimi.

MgumuWaMachame

Kwa siku moja haiwezekani. Kwa Machame ya kawaida, ile ya kulala Karanga, unafika siku ya nne, ya kwanza unalala Machame, ya pili Shira, ya tatu unapitia Lava Tower unashuka kulala Barranco, ya nne ukuta halafu Karanga. Viingilio vya Mtanzania ni tofauti kabisa na vya mgeni, ulizia getini wenyewe usimuulize dalali. Au omba kazi ya ugumu kama mdogo wako, utakaona na utalipwa 😂 ila ujue utashuka nalo dumu.

Ukija kweli pitia soko la Memorial hapo Moshi ununue koti la mtumba na glavu, glavu usichukue za pamba, zikilowa pale kwenye ukuta zimekwisha kazi yake.